Posa ya Mdiria

Kabati la vyombo la sebuleni kwangu, hapa Temeke, halina hata kikombe kimoja. Lina vitabu saba vya ndege. Mgeni akiingia hukaa, huangalia vioo, kisha huuliza kwa adabu vyombo vimehamia wapi, na mume wangu, ambaye ndiye aliyelinunua kabati lile kwa ajili ya seti ya chai, humjibu kwamba vyombo vimewapisha ndege. Chai tunanywea vikombe vya plastiki. Nimemwambia mara nyingi kwamba chai haijui imo ndani ya nini, naye amechoka kunijibu.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona mapazia na vitambaa vya makochi, na kwa miaka mingi nimekuwa nikikusanya vitabu vya kale vya ndege, vile vikubwa vyenye picha zilizopakwa rangi kwa mkono, moja baada ya nyingine, na watu ambao sasa hata wajukuu wao ni marehemu. Sikusomea. Nilianza siku niliyonunua karanga zilizofungwa kwenye karatasi nene kupita kawaida. Nilipomaliza kutafuna nikaikunjua, nikakuta nusu ya bundi inanitazama kwa jicho moja, manyoya yamechorwa unyoya kwa unyoya. Nikarudi mbio kwa muuza karanga. Nusu ya pili alikuwa ameshamfungia mteja mwingine, na mteja ameshaondoka. Mtu mzima mimi, mama wa watoto watatu, nikasimama kando ya barabara nikalia kwa ajili ya nusu ya bundi.

Tangu hapo nikawa mwindaji. Wauza vitabu vya mitumba wanaotandaza turubai chini wananijua, na wanaonunua makaratasi kwa kilo wananijua zaidi, kwa sababu nawasumbua. Nimewahi kuinamia rundo la makaratasi hadi mgongo ukagoma kunyooka. Kanuni yangu ni moja: kitabu cha picha hakiaminiki mpaka umehesabu picha. Nyuma kabisa huwa kuna orodha. Unaweka kidole kwenye orodha, unafunua picha moja moja, kama mama anayehesabu watoto akishuka nao kwenye basi. Mara nyingi kuna anayekosekana. Huku kwetu watu hawaibi kitabu, wanaiba picha. Wanaikata, wanaitundika ukutani pembeni ya kalenda ya kanisa, na roho zao zinatulia. Mimi roho yangu haitulii, na kwa jambo hilo ni mtu wa hasira, sifichi.

Kitabu kikubwa kuliko vyote kilinijia kwa basi. Shemeji yangu, dereva wa lori, alikuwa kusini, akapita kwenye misheni moja ya zamani siku ambayo maktaba iliyoliwa na mchwa ilikuwa inabomolewa na vitabu vinagawiwa kwa yeyote mwenye mikono. Yeye na vitabu hawajuani, ila alikumbuka wazimu wangu. Akakitia kwenye kiroba cha unga, akakikabidhi kwa kondakta, akanipigia simu.

"Shem, kuna mzigo wako unakuja. Mzito kama jiwe la kusagia. Ndani kuna makuku kuku hivi, utajua mwenyewe."

Nilikwenda kuupokea stendi kuu ya mabasi asubuhi. Sikuweza kusubiri kufika nyumbani. Nilikaa palepale stendi, kwenye benchi la abiria, nikafungua kiroba, unga ukanimwagikia magotini. Jalada la ngozi, maandishi ya Kijerumani, na Kijerumani sikijui hata cha kuombea maji. Lakini picha hazina lugha. Korongo alikuwa amesimama kwenye majani utadhani atapiga hatua. Hondohondo, mwenye lile domo lake la mzigo, alikuwa amechorwa kwa heshima kabisa. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri basi la Dodoma akasogea, akamwonyesha korongo kwa kidole, akasema, "Huyu si ndiye anayetumalizia mtama?" Nikamwambia ndiye. Akamtukana yule ndege wa karne iliyopita kwa jina lake, kisha akaomba tufunue mwingine.

Orodha ilisema picha arobaini na nane, kwa zile namba za Kirumi. Nikahesabu. Ya thelathini ilikuwepo. Iliyofuata ilikuwa ya thelathini na mbili. Katikati yake kulikuwa na ukingo mwembamba tu wa karatasi, uliobaki baada ya wembe kupita. Nikapiga picha jina lililokuwa kwenye orodha, simu ikanitafsiria: mdiria, yule ndege mdogo mvuvi, mgongo wa bluu, kifua cha rangi ya machungwa, mdomo mwekundu mrefu kuliko akili yake. Nilikuwa nimepewa kitabu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuvigusa, na kilikuwa na pengo.

Nikamtafuta mdiria yule miaka tisa.

Watu walinishauri. Mwanangu mkubwa alisema picha kama ile ipo mtandaoni, naweza kuichapisha nikaibandika, ishu ikaisha. Nakala! Ningetaka nakala ningenunua kalenda. Nilimtaka yuleyule aliyetoka kwenye karatasi ileile, kwa wembe uleule, na kila nilipofungua kitabu nilikuwa naruka kutoka thelathini kwenda thelathini na mbili na moyo unajikwaa. Mume wangu aliwahi kuniuliza, kwa upole, nikifa kabla sijampata itakuwaje. Nikamwambia nitakufa nimenuna.

Kumbe mdiria alikuwa Boko, ukutani, juu ya kochi la watu watatu.

Alinifikia kupitia mteja. Dada mmoja wa makamo alikuja kuagiza vitambaa vya makochi ya mama yake, akataka rangi ziendane na ukuta. Nikamwomba picha ya sebule. Akanipa simu. Nikaona makochi, nikaona ukuta wa kijani, na juu ya kochi nikaona fremu ndogo. Nikaikuza kwa vidole viwili. Mgongo wa bluu. Nikaikuza tena. Pembeni juu, namba za Kirumi: XXXI. Nikaing'ang'ania simu hadi dada wa watu akaivuta.

"Fundi, vipi? Umeona nini?"

"Huyu ndege wa nani?"

"Huyo? Wa mama. Yupo toka sie hatujazaliwa."

"Nitakuja kupima makochi mwenyewe."

"Lakini vipimo si nimekuletea?"

"Vipimo vya mtu mwingine mie siviamini."

Nikaenda Boko kesho yake. Mama mwenyewe alikuwa na zaidi ya miaka themanini, mtu wa kusini, mwembamba, mgongo umenyooka, anachagua mchele kwenye ungo barazani. Na hapo ndipo nilipoharibu. Nilitoa shikamoo, akaitikia marahaba, akanikaribisha ndani akiwa na ungo wake, na mimi, kabla sijakaa, kabla sijapewa hata maji, macho yakiwa ukutani, nikafungua pochi nikasema, "Mama, naomba uniuzie ndege."

Aliweka ungo chini taratibu.

"Umetoka wapi, mwanangu?"

"Temeke, mama."

"Na huko Temeke, mtu akiingia nyumba ya watu huanza na maji, au siku hizi mmeacha?"

Nikakaa. Maji yakaletwa, nikayanywa kama dawa. Ningekuwa na akili ningeishia hapo, nikapima makochi nikaondoka. Lakini hasira zangu na hamu yangu ni mapacha. Mmoja akiamka, wa pili halali. Nikamwambia kwamba yule ndege ni wa kitabu changu.

"Wako?" Alinitazama kuanzia viatu. "Nimeamka naye zaidi ya miaka hamsini. Wewe wakati huo ulikuwa unasema ni wako ukiwa wapi?"

Nikapima makochi, nikakosea mara mbili, nikapima tena. Nilipokuwa mlangoni naaga, nikijua nimepoteza, ndipo aliposema bila kuinua macho kutoka kwenye mchele:

"Huyu aliingia kwetu kwa posa. Marehemu mume wangu alikuwa yatima, mfagizi wa maktaba ya misheni, hana mbele wala nyuma. Wenzake walipeleka barua za posa na hela ndani. Yeye ndani ya barua aliweka huyu. Baba yangu alicheka, mimi sikucheka. Sasa, kama kuna mtu anamtaka, atatoka kwa posa. Kwenye mfuko wa vipimo hatoki."

Mtu mwingine angesikia mzaha. Mimi nilisikia mlango unafunguliwa.

Banda la jirani na langu kuna fundi makochi, mzee wa Lindi, ulimi wake asali, ambaye amewaposea nusu ya vijana wa mtaa wetu na hajawahi kurudi na jibu baya. Nilimkuta anagongea misumari.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leo mbona mpole? Umevunja nini?"

"Naomba uwe mshenga wangu."

Nyundo ikasimama hewani. "Mumeo anajua?"

"Si wangu mie, baba! Wa kitabu."

Nikamweleza yote. Alisikiliza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena kana kwamba tatizo lilikuwa kwenye miwani. "Yaani mie na mvi zangu," akasema, "niende Boko nikapose ndege kwa niaba ya kitabu." Nikasema ndiyo. "Kijerumani." Ndiyo. Akakusanya misumari yake. "Haya. Lakini barua iandikwe vizuri. Mie sipelekagi barua mbovu."

Tuliiandika pamoja, kwa kalamu, kwenye karatasi safi. Sisi wazazi wa kijana wetu, mkazi wa Temeke, mwenye umri wa zaidi ya miaka mia moja na afya njema isipokuwa mchwa kidogo mgongoni, tumeona ua katika bustani yenu na tunaomba ruhusa ya kulichuma. Nikaifunga kwa kitambaa cheupe nilichokipinda mwenyewe kwa mkono, mishono midogo kuliko yote niliyowahi kushona. Mzee akavaa kanzu na koti, akaondoka. Siku ile nilishona pazia la mtu juu chini, maua yote yakatazama sakafu.

Alirudi jioni, akaniangalia, akaanza kwanza kulalamikia jua. Nikamwambia baba, tafadhali.

"Wamepokea barua. Wamenilisha wali na samaki, samaki mzuri kweli. Majibu baada ya wiki mbili."

"Wiki mbili! Ndege amekaa ukutani miaka hamsini, wiki mbili za kufikiria nini?"

"Wewe, posa haina pupa. Ungejibiwa leo ungejua binti ana kasoro."

Sijui nilizimalizaje zile wiki mbili. Najua nilimgombeza mume wangu kwa sababu alikuwa anapiga mluzi, na najua alihamia barazani na redio yake. Siku ya majibu mzee alipokwenda nilifunga banda kabisa, maana nilikuwa hatari kwa vitambaa vya watu. Alipotokea kwenye kona nilimwona anatembea kwa maringo, mkono mmoja mfukoni, nikajua.

"Wamekubali," akasema. "Hela hawataki hata shilingi. Mama anataka mkaja wake, doti moja ya kanga. Na blanketi la bibi, ambaye ndiye huyohuyo mama; anasema amevaa kofia zote mbili. Na bwana harusi aletwe Jumamosi aonekane, kwa sababu hawezi kumtoa binti kwa mtu asiyemjua sura."

Nilimkumbatia mzee wa watu mbele ya soko zima. Akasema nimwache, ana mke.

Jumamosi tukaenda kwa bajaji, mzee mbele na kanzu yake, mimi nyuma nimevaa kitenge kipya, na kitabu mapajani kimefungwa shuka jeupe. Nilikuwa pia na kikopo cha uji mwepesi wa unga wa ngano na ukanda wa karatasi laini, vitu vya kumuungia mdiria mahali pake. Tulipokelewa sisi, mkaja na blanketi. Maji tulikunywa, safari hii mimi wa kwanza. Harufu ya pilau ilikuwa inatoka jikoni, na kwenye mkeka kulikuwa na sinia limefunikwa kawa. Nikainua macho ukutani nimwone bibi arusi.

Hayupo. Fremu ilikuwa mezani, tupu, na ukutani kulikuwa na mraba wa kijani kibichi ambao jua halijawahi kuufikia.

"Tulia, mwanangu," mama akasema, uso unacheka. "Bibi arusi hatoki kwao bila kupambwa. Binti yangu amempeleka stationeri hapo barabarani, wamtie plastiki. Ang'ae. Asije akaharibika na jasho la huko kwenu Temeke."

Nilisimama. Nadhani nilipiga kelele, kwa sababu mzee wa Lindi alimwaga maji kwenye kanzu.

Inabidi nieleze kilichonishika, kwa sababu mama yule hakukosea kwa ubaya. Kwetu kitu ukikipenda unakitia plastiki. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha ubatizo, picha ya marehemu, vyote vinapitishwa kwenye mashine. Hata rimoti ya televisheni tunaiacha ndani ya nailoni yake mpaka ife. Mimi mwenyewe, nilipokuwa mgeni wa mambo haya, nilipata picha nzima ya kwarara, nikaipeleka kwenye mashine kwa miguu yangu, nikatoka najipongeza. Ule moto unayeyusha gundi, gundi inaingia kwenye rangi, na rangi ile ya mkono haina ulinzi. Miaka michache baadaye kwarara alikuwa wa manjano kama mgonjwa wa ini. Nilipojaribu kumvua plastiki alitoka na manyoya, na kilichobaki kwenye karatasi kilikuwa kivuli. Nilimuua mwenyewe, kwa upendo. Hakuna dawa.

Nikamtupia mzee kitabu mapajani. "Mshike mwanangu!" Nikavua viatu, nikavishika mkononi, nikakimbia. Sijakimbia tangu nikiwa shule ya msingi. Watu wa Boko waliniona mama mzima, kitenge kimepandishwa magotini, nakimbilia barabara ya Bagamoyo, na mwanamume mmoja aliyekuwa anapanga matofali akapaza sauti kuuliza kama ni mwizi, akamate. Sikuwa na pumzi ya kumjibu.

Stationeri ilikuwa na mlango wazi na feni inayopiga kelele. Yule dada mteja wangu alikuwa amekaa kwenye benchi, anajipepea. Nyuma ya meza, mwenye duka, mwanamke mnene mwenye miwani, alikuwa amemwingiza mdiria katikati ya plastiki mbili, na ukingo wa plastiki ulikuwa umeshaingia kwenye mdomo wa mashine. Mashine ilikuwa inauma polepole. Ulikuwa umebaki upana wa vidole viwili vya plastiki tupu, kisha mkia wa ndege.

"Zima!"

"Mama, subiri zamu yako."

"Zima mashine, nakuambia!"

"Ikishameza haiachii, mama. Hata nikizima ina moto."

Kidole kimoja na nusu. Fundi hatoki nyumbani bila mkasi, hata akienda kutoa mahari. Niliuchomoa kwenye pochi, nikampita mwenye duka kwa bega, nikaingiza bledi kati ya mdomo wa mashine na mkia wa mdiria, nikakata. Nimekata mapazia ya kumbi, nimekata magauni ya maharusi ambayo kosa moja lingenifungia banda. Sijawahi kukata mstari ulionyooka kama ule. Mashine ikaenda na utepe wake wa plastiki, ikautoa upande wa pili unang'aa, umebana hewa tupu. Mdiria akabaki mkononi mwangu. Nikamtoa taratibu kati ya zile plastiki mbili, nikamshika mbele ya mlango penye mwanga. Bluu yake yote ilikuwepo. Kucha zake zote zilikuwepo.

Mwenye duka alinitazama, akatazama mashine. "Hii plastiki nani anailipia?"

"Mie," nikasema. "Na soda unywe."

Njia nzima ya kurudi nilitembea katikati ya barabara ya vumbi nimemshika mdiria kwa viganja viwili, pekupeku, yule dada nyuma yangu amebeba viatu vyangu na kuniomba radhi. Sikuwa na hasira hata chembe. Nilitaka kila mtu anione. Yule wa matofali akauliza kama mwizi kapatikana, nikamwambia kapatikana, na nikacheka hadi machozi yakanitoka.

Mama alikuwa amesimama barazani, mkono kifuani. Nikamweleza yote: gundi, moto, yule kwarara. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa kwa nini hukusema toka mwanzo kwamba hapendi plastiki?"

"Niliogopa, mama. Niliona ukijua namtaka kiasi gani utakataa."

"Mwanangu," akasema, "mtu anayeleta mshenga kwa ajili ya ndege, nani hajui anamtaka kiasi gani?"

Mzee wa Lindi akacheka mpaka akakohoa. Tukanawa mikono wote, tukaifuta kavu, tukatandika shuka mezani. Kitabu kikafunguliwa. Mama akavuta kiti, akaanza kutazama picha moja moja, bila haraka, na aliowajua akawaita kwa majina ya lugha ya kwao. Huyu alikuwa anatabiri mvua. Huyu walimkamata kwa ulimbo. Huyu bibi yake alimfukuza kwa fagio kwa sababu alikuwa analia juu ya paa. Nilikuwa na kitabu kile miaka tisa na sikuwa nimekisikia kinasema kitu. Tulifika picha ya thelathini, nikafunua, na ukingo uliobaki ukaonekana.

Akauangalia muda mrefu. Kisha akamchukua mdiria kwa mikono yake mwenyewe, akamlaza kwenye nafasi, akamsogeza kidogo kushoto. Kingo mbili zikakutana. Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho macho yangu ya miaka tisa hayakukizingatia: mkato haukuwa umenyooka. Karibu na chini wembe uliyumba, ukaruka pembeni, ukarudi. Mruko uliokuwa kwenye ukingo wa kitabu na mruko uliokuwa kwenye picha viliingiana bila mwanya.

Mama akaweka kidole palepale.

"Hapa," akasema, "alisikia viatu vya Padre."

Akaendelea kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. "Aliniambia baada ya kuzaa mtoto wa kwanza. Alikata kwa wembe wake wa kunyolea, akasikia viatu ukumbini, mkono ukaruka. Alikuwa mwaminifu mume wangu, hajawahi kuchukua cha mtu, ila hiki. Kila mwaka alisema, Kwaresima hii nitakwenda kumwambia Padre. Haendi. Ikifika Kwaresima alikuwa anamgeuza ndege uso ukutani, siku arobaini, mpaka Pasaka. Watoto walidhani ni desturi ya kanisa. Amekufa hajasema."

Yule dada akakaa chini. Nadhani ndiyo kwanza alikuwa anasikia.

"Muunge," mama akaniambia.

Nikafungua kikopo. Nikapaka uji kwenye ukanda wa karatasi laini, nikaulaza kwenye maungio kuanzia juu, nikashuka, mkono wangu umetulia kuliko siku yoyote. Kwenye ule mruko nikasimama, nikamwomba mama aweke kiganja chake akandamize mpaka ukauke. Akaweka. Tulikaa hivyo, mimi nimeshika juu, yeye ameshika pale mumewe aliposhtuka, na pilau linatungoja. Ulipokauka nikahesabu kwa sauti, kuanzia ya kwanza. Nilipofika thelathini na moja niliirudia mara mbili, kisha nikaendelea. Arobaini na nane. Kitabu kizima, hakina pengo, na niliona fahari ambayo sitaiombea msamaha mahali popote.

Mama akapiga kigelegele. Sauti yake nyembamba, ya uzee, ikapasua nyumba nzima. Mimi nikapokea, binti yake akapokea, na mzee wa Lindi, ambaye si kazi yake, akapiga makofi. Majirani wakatoka. Wakajaa barazani, wanawake wamejifunga kanga, mikono ina povu la sabuni, wanauliza nani ameolewa, mbona hawakualikwa.

Mama alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kanga mpya ya mkaja, lebo bado imening'inia.

"Ingieni mle pilau," akawaambia. "Mume wangu amerudisha cha watu."